Vumbi la Barabara Kuu na Sensa ya Kamera

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Rhodesia, na kabla mwaka haujaisha Zambia ikajikuta imekatiwa njia ya mafuta ya kusini. Ikabaki njia moja kubwa ya kutegemea: malori yaliyosheheni mapipa ya petroli kutoka bandari ya Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, kuvuka mpaka Tunduma na kuteremka hadi kwenye migodi ya shaba. Sehemu kubwa ya barabara hiyo ilikuwa udongo mtupu. Wakati wa mvua malori yalizama kwenye tope, na kiangazi dereva alifukuzana na wingu la vumbi la mwenzake aliyetangulia. Madereva waliiita Njia ya Jehanamu. Mpemba ipo kandokando ya barabara hiyo, kilomita chache kabla ya Tunduma kwa anayetoka Mbeya. Kila pipa lililokwenda Zambia kwa barabara hiyo lilipita hapo, na kila gurudumu liliacha vumbi.

Historia ya kazi ya picha katika sehemu hizi haitenganishwi na barabara hiyo. Barabara ndiyo iliyoleta mikanda ya filamu, wasafiri wenye haja ya picha za pasipoti, madereva waliotaka kupigwa picha wameegemea malori yao, na baadaye kamera za dijitali. Vumbi nalo lilikuja kwa njia hiyohiyo, na limekuwa adui wa mpiga picha tangu enzi za mabamba ya kioo. Katika muda huo wote limekuwa likibadilisha mahali linapojificha.

Kamera zilifika Afrika Mashariki mapema. James Augustus Grant, aliyesafiri na mpelelezi Speke, alipiga picha Zanzibar mwaka 1860, lakini safari ya bara ilipoanza aliiacha kamera na kushika kalamu ya kuchorea. Katika nyanda za juu za kusini, wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kabla ya karne ile kuisha walikuwa wamefungua kituo Mbozi, miongoni mwa Wanyiha. Picha nyingi za wamisionari wa kanisa hilo zimehifadhiwa hadi leo Herrnhut, Ujerumani. Anayetazama picha za kale za aina hiyo kwa makini huona kwamba hazina madoa ya aina moja. Yako meusi na yako meupe, na kila rangi ina kisa chake.

Chembe ya vumbi ikitua juu ya bamba kabla picha haijapigwa, huzuia mwanga. Mahali hapo kwenye negativu hubaki pasipo kitu, na picha ikichapwa hutokea nukta nyeusi. Lakini chembe ikitua juu ya negativu wakati wa kuchapa katika chumba cha giza, huacha nukta nyeupe. Kwa hiyo mtu mwenye jicho la kazi aliweza kusema kosa lilitokea wapi: porini wakati wa kupakia bamba, au chumbani wakati wa kusafisha picha. Dawa nazo zilikuwa mbili. Nukta nyeupe ilijazwa wino kwa brashi yenye ncha ya unywele mmoja au nywele mbili, na nyeusi ilikwanguliwa taratibu kwa kisu chembamba. Ilikuwa kazi ya subira, na katika studio kubwa alikuwapo mtu aliyekaa na brashi hiyo siku nzima.

George Eastman alipoingiza sokoni kamera ya Kodak mwaka 1888, mkanda wa filamu ulichukua nafasi ya bamba na tatizo likapungua uzito. Sababu yake ni nyepesi lakini ndiyo msingi wa habari yote hii: kila mara mpiga picha alipozungusha mkanda, kipande kipya kisichoguswa kilikuja nyuma ya lenzi, na chembe iliyoshika kipande cha awali iliondoka nacho. Mkanda wa picha 36 ulikuwa na nyuso 36 mpya. Harusi ingeweza kuharibika picha moja, na zilizobaki zikawa salama.

Pwani waliteswa na jambo jingine. Studio kama ile ya A. C. Gomes mjini Zanzibar, au Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilipambana na unyevu, chumvi ya bahari na ukungu unaoota ndani ya lenzi. Bara, hasa kwenye miji iliyoota kandokando ya barabara kuu, adui alikuwa mkavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara ile ya Zambia, iliyojulikana kama TANZAM, iliwekwa lami, na mwaka 1973 reli iliyojengwa kwa msaada wa China ikafika mpakani Tunduma. Reli yote ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ilikabidhiwa mwaka 1976. Lami ilituliza vumbi la katikati ya barabara. Pembeni, ambako ndiko watu wanakoishi, wanakouza na wanakopigwa picha, udongo ulibaki vilevile.

Picha za rangi zilipoenea, mpiga picha wa mji mdogo hakuweza tena kuzisafisha mwenyewe kwa beseni na taa nyekundu. Mikanda ilipelekwa kwenye maabara za mijini, na mteja alisubiri. Hasara ilikuwa kubwa: maarifa ya chumba cha giza yalianza kupotea, pamoja na ule ustadi wa brashi na wino. Kijana aliyejifunza kazi katika miaka ya 1990 alijua kulenga, kupanga watu na kuhesabu picha zilizobaki kwenye mkanda. Vumbi lilikuwa tatizo la mtu mwingine, mbali, mwenye mashine.

Ndipo ikaja dijitali.

Chanzo chake ni cha zamani kuliko wengi wanavyodhani. Willard Boyle na George Smith wa maabara za Bell, Marekani, walibuni kipokea mwanga cha CCD mwaka 1969, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Mwaka 1975 mhandisi kijana wa Kodak, Steven Sasson, aliunganisha kamera ya kwanza ya dijitali. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, ilihifadhi picha kwenye kaseti, na picha moja ilichukua sekunde 23 kurekodiwa. Nikon D1 ya mwaka 1999 ndiyo iliyowafikishia waandishi wa habari kamera ya dijitali ya kubadilisha lenzi wanayoweza kuitegemea, na Canon EOS 300D ya mwaka 2003 ikaishusha bei hadi mpiga picha wa harusi akaifikiria.

Furaha ya kuagana na gharama za mkanda ilifunika mabadiliko makubwa yaliyotokea ndani ya kamera. Uso unaopokea mwanga, yaani sensa, haubadilishwi tena. Sensa ni ileile kwa picha ya kwanza na kwa picha ya elfu hamsini. Chembe iliyoingia Jumamosi kwenye harusi itakuwapo Jumapili kwenye ubatizo na Jumatatu kwenye picha za vitambulisho, mahali palepale, hadi mtu aiondoe. Kazi ambayo zamani ilifanyika chumbani kwa brashi ilihamia mikononi mwa mpiga picha bila yeye kuambiwa.

Kwa usahihi zaidi, vumbi haligusi sensa yenyewe. Hutua juu ya kioo chembamba cha kichujio kilichowekwa mbele yake, kisha kivuli chake ndicho kinachoangukia sensa. Ndiyo maana doa huonekana na kutoweka kwa namna inayowachanganya wengi. Tundu la lenzi likiwa wazi sana, tuseme f/2.8, mwanga huja kutoka pande nyingi na kivuli huyeyuka. Tundu likibanwa hadi f/16 au f/22, kivuli hukaza na doa la kijivu hujitokeza. Mtu anaweza kupiga picha za ukumbini mwezi mzima akiamini kamera yake ni safi, kisha akatoka nje mchana wa jua na kuona madoa kumi angani. Na kwa kuwa lenzi hupindua taswira, doa la juu kulia katika picha huwa limetokana na chembe iliyo chini kwenye sensa. Asiyejua hilo husafisha upande usio na kosa.

Mkoa wa Songwe, ambamo Mpemba imo, una mahali panapoonyesha jambo hili waziwazi. Kimondo cha Mbozi, kule Ndolezi, kilichoandikiwa taarifa na mpima ardhi W. H. Nott mwaka 1930, ni kipande cheusi cha chuma chenye urefu wa takribani mita tatu, na wageni hupenda kukipiga picha mchana, mbingu ikiwa nyuma yake. Juu ya chuma cheusi madoa hayaonekani. Juu ya anga ya buluu ya kiangazi, isiyo na wingu, hakuna doa linalojificha.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ya picha Mpemba unapoonekana kwa ukamilifu wake. Mvua za nyanda hizi hukatika karibu na Mei na kurudi Novemba. Kati ya miezi hiyo mahindi huvunwa, kahawa ya Mbozi huuzwa, fedha huingia majumbani, na ndoa, send-off na kipaimara hufuatana. Septemba na Oktoba huja mahafali ya shule. Msimu wa kazi na msimu wa vumbi ni kitu kimoja. Mpiga picha hawezi kungoja mvua, kwa sababu mvua ikija wateja wamekwisha kuoana. Kuongezeka kwa shughuli mpakani, hasa baada ya kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kuzinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019, kumeongeza watu wanaohitaji picha, na malori yanayopanga foleni pembeni mwa barabara hayajaacha kutimua udongo. Hapo Mpemba ndipo inapochepuka barabara ya kilomita 50.3 kwenda Isongole, wilayani Ileje, nayo imeongeza wapitaji.

Viwanda vya kamera havikukaa kimya. Mwaka 2003 Olympus ilitoa E-1, kamera ya kwanza ya lenzi za kubadilisha iliyojisafisha yenyewe: kioo cha mbele ya sensa hutikisika zaidi ya mara 30,000 kwa sekunde, chembe huanguka na kunaswa na utepe wenye gundi. Canon na Sony zilifuata mwaka 2006 kwa EOS 400D na Alpha 100, Nikon ikaja mwaka 2007 na D300. Mtikisiko huo huangusha vumbi kavu. Hauondoi chavua yenye unato, tone la mafuta, wala udongo uliolowa na kukaukia pale. Kisha kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani yake, zilizoanza na Panasonic G1 mwaka 2008, zikaleta shida mpya: lenzi ikitolewa, sensa hubaki wazi kama dirisha lisilo na pazia. Miaka kumi ilipita kabla ya Canon, katika EOS R ya 2018, kufunga pazia la shata kila kamera inapozimwa.

Kwa mtu wa Mpemba, fundi rasmi wa chapa ya kamera yake anaweza kuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Umbali huo ndio unaozaa tiba za kienyeji, na tiba hizo huweza kuiumiza kamera kuliko vumbi lenyewe. Kupuliza kwa mdomo hurusha mate. Pindo la fulana hukwaruza kioo. Upepo wa kompresa ya mtengeneza pancha huja na mafuta na maji, tena kwa nguvu ya kujaza gurudumu la lori. Spiriti ya kawaida ya dukani huacha utando. Vumbi ni doa linaloondoka. Mkwaruzo haufutiki, na kubadilisha sensa mara nyingi hugharimu karibu sawa na kununua kamera nyingine ya mtumba.

Njia iliyo salama ni fupi na haihitaji fedha nyingi. Betri ijazwe kabisa, kamera iwekwe kwenye hali ya kusafisha sensa, mdomo wake uelekezwe chini, kisha vumbi lipulizwe kwa mpira wa mkono wa kubinya, bila ncha yake kuingia ndani. Chembe nyingi huisha hapo. Zikikataa, hutumika vijiti laini vilivyokatwa kwa upana wa sensa husika, na matone mawili ya kimiminika maalumu; kijiti hupitishwa mara moja kwa kila upande, kisha hutupwa. Kinga ni bora zaidi: kubadilishia lenzi ndani ya nyumba au gari lililofungwa vioo, kamera ikiwa imezimwa na kutazama chini, na kufuta vifuniko vya lenzi ambavyo husahauliwa mfukoni. Wapiga picha wawili wanaofanya harusi moja wanaweza kugawana, mmoja akae na lenzi fupi na mwingine na ndefu, na hakuna atakayefungua kamera uwanjani.

Basi kwa yeyote anayeishi kwa kamera kati ya Vwawa na Tunduma: kabla ya Juni, chagua asubuhi yenye mbingu safi, weka f/16, vuruga fokasi, piga anga, kisha kuza picha na uikague kona kwa kona. Fanya hivyohivyo kabla ya kulipia kamera ya mtumba, muuzaji akiwa amesimama mbele yako. Na anayejua kusafisha amfundishe kijana anayembebea begi, mwaka huu, kabla msimu haujaanza.