EL-BUHRIY, Hemedi bin Abdallah

Hemedi bin Abdallah bin Saidi el-Buhriy, mwanachuoni na mtunzi wa tendi wa Tanga katika karne ya 19, alitoka katika ukoo uliozama katika elimu ya dini na sheria, ukoo ambao umewapa watu wa pwani ya Mrima masheikh na makadhi kizazi baada ya kizazi. Umaarufu wake umesimama juu ya tendi ndefu zilizochapishwa baada ya kufa kwake, na hasa juu ya ule wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, ambamo aliichukua kawaida ya kale ya kuhadithia maghazi ya Bara Arabu akaitumia kwa mambo yaliyotukia katika siku zake mwenyewe, katika miji iliyo jirani naye, kwa watu ambao wasikilizaji wake waliyatambua majina yao.

Utenzi, kwa desturi ya pwani, huwa na beti za vipande vinne vya mizani minane minane. Vipande vitatu hupatana kwa kina chao, na cha nne hubeba kina kimoja kisichobadilika tangu bismillahi hadi tamati, hata beti zikifika mamia. Uliandikwa kwa hati za Kiarabu, lakini makao yake halisi yalikuwa sauti, maana aghalabu mmoja alisoma na wengi wakasikiliza. Tangu Mwengo bin Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, washairi walipendelea visa vya Mtume na Masahaba zake, na Hemedi naye aliifuata njia hiyo katika Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani na katika Utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali, unaohusu mauaji ya Karbala ya mwaka 680. Huu wa Huseni haufai kupitwa haraka. Mtunzi anayeikalia habari ya mwenye haki aliyezidiwa na wingi wa majeshi hana budi kujua namna ya kumtukuza aliyeshindwa pasipo kuficha kushindwa kwake, na maarifa hayo hayo ndiyo yanayoupa uzito Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima.

Asili ya vita hivyo ni mapatano ya tarehe 28 Aprili 1888, ambayo kwayo Sultani Khalifa bin Said wa Unguja aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Agosti maofisa wa kampuni walikuja kushika forodha, na Pangani alipelekwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Mlingoti wa bendera ya Sultani ulikatwa. Na liwali alipotafutwa asionekane, askari wa majini waliingia msikitini pamoja na mbwa, ilhali watu wamo katika ibada ya Idi ya kuchinja. Habari ya ushuru na kodi ingaliweza kujadiliwa barazani, lakini hili halikujadilika. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na mji huo, akawa kiongozi wa waliokataa. Serikali ya Berlin ikamtuma Hermann Wissmann pamoja na askari wa kuajiriwa, wengi wao Wasudani waliotwaliwa Misri na wengine wa Msumbiji, nao wakaivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo tarehe 8 Mei 1889, wakaitwaa Pangani mwezi wa Julai, kisha Tanga. Abushiri alisalitiwa alipokimbilia bara, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Hemedi aliutunga utenzi wake jeraha lingali bichi. Mwaka wa Hijra unaotajwa pamoja na jina la utenzi huo ni 1307, uliokwisha Agosti 1890. Hajifanyi hakimu asiye na upande. Yu pamoja na watu wa Mrima na dini yao, na kwa sababu hiyo msomaji wa taarikhi hupata kwake kitu ambacho ripoti za maofisa hazina, yaani jinsi mambo yalivyoonekana na waliopigwa mizinga.

Vita havikuishia ufukoni. Bwana Heri bin Juma wa Saadani alikuwa na nguvu kubwa miongoni mwa Wazigua, ambao nchi yao inaenea hadi Handeni, naye hakusalimu amri hadi Aprili 1890. Njia ya misafara iliyopanda kutoka Pangani kwa bonde la mto Pangani ilipita Korogwe, chini ya milima ya Usambara ilipo Vugiri leo, na kufika Mazinde kwa Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai. Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wakisafiri Usambara mwaka 1888, walikamatwa na watu wa Abushiri na kuachiliwa kwa fidia. Kwa hiyo mtu wa Vugiri anayeusoma utenzi huu asidhani kwamba anasoma habari za pwani tu; pwani ilipotwaliwa, mlango wa nchi yake ulitwaliwa pia, na mwaka 1902 reli kutoka Tanga ilikwisha fika Korogwe.

Wanaosomesha fasihi humlinganisha mtunzi wa namna hii na John Milton wa Uingereza, aliyezaliwa London mwaka 1608, akaitumikia jamhuri iliyomwua mfalme, akapofuka, na baada ya ufalme kurudi mwaka 1660 akaandikisha kwa kauli utenzi wake mkuu, Paradise Lost, uliotoka mwaka 1667. Mlingano huo una haki yake, kwani wote wawili walikuwa wanachuoni wa dini walioona upande wao umeanguka. Lakini Milton alikwenda kuitafuta vita mbinguni kabla ya Adamu, ambapo Hemedi alithubutu kumtaja adui aliyekuwa bado ameketi bomani. Kwa ujasiri huo nampa Hemedi fadhila yake.

Nakala za tendi zake zilihifadhiwa Tanga, na J. W. T. Allen ndiye aliyejitahidi zaidi kuzitoa kwa herufi za Kirumi pamoja na tafsiri: utenzi wa Wadachi mwaka 1955 na tena 1960, wa Abdirrahmani mwaka 1961 kwa tafsiri ya Roland Allen, wa Huseni mwaka 1965. Katika ukoo uo huo alitokea Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy, kadhi wa Tanga, mwandishi wa vitabu vya nikahi na mirathi. Njia ya kutunga vita vya zama za mtunzi ilifuatwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi katika habari za Maji Maji, na Shaaban Robert, naye wa Tanga, katika Utenzi wa Vita vya Uhuru. Matoleo ya Allen sasa ni adimu madukani, na kazi ya kuzichapa upya tendi zote za Hemedi, zenye sherehe ya maneno kwa wanafunzi wa shule za sekondari, yastahili kufanywa na Watanzania wenyewe.