Maradhi Yasiyotajwa: Historia Fupi ya Hisani kwa Wagonjwa wa Matumbo

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika maradhi yote, ya matumbo ndiyo yafichwayo zaidi, kwa kuwa ni aibu kuyataja mbele ya wakwe au wanafunzi wenzetu. Makala haya yanasimulia jinsi baadhi ya watu walivyoishinda aibu hiyo, na faida tuwezayo kuipata sisi wa Rusizi.

Maradhi yanayozungumziwa ni uvimbe wa kudumu wa utumbo. Kinga ya mwili, iliyopaswa kutulinda, huushambulia utumbo wenyewe. Mgonjwa huharisha, mara nyingine damu, huumwa tumbo, hukonda na kuchoka. Hali hiyo hupoa, kisha hurudi. Chanzo chake kamili hakijajulikana, wala hayana dawa ya kuyaponya kabisa, lakini zipo dawa za kuyatuliza. Hayaambukizi.

Mwaka 1859, daktari Samuel Wilks wa London alieleza vidonda vya utumbo mpana kuwa ugonjwa wa pekee, tofauti na kuhara damu kwa kawaida. Mwaka 1932, madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai, New York, yaani Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, walieleza aina ya pili. Ikaitwa maradhi ya Crohn, kwa kuwa jina lake lilitangulia kwa mpangilio wa alfabeti.

Kupata jina si kupata msaada. Mwaka 1967, William Modell, mfanyabiashara wa vifaa vya michezo ambaye mwanawe alikuwa mgonjwa, aliungana na mkewe Shelby, na Irwin na Suzanne Rosenthal, na daktari Henry Janowitz. Wakaanzisha shirika la hisani mjini New York, ambalo leo huitwa Crohn's & Colitis Foundation. Lilikuwa na kazi mbili: kuchangia utafiti na kuelimisha umma. Mwaka 1979 wagonjwa wa Uingereza nao wakaunda chama chao. Siku hizi, tarehe 19 Mei ni siku ya maradhi haya duniani.

Je, Afrika Mashariki ilikuwa wapi? Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946, na Hugh Trowell aliyefundisha Makerere, waliona kwamba maradhi kadhaa ya matumbo yaliyojaa Ulaya yalikuwa adimu kwetu. Burkitt aliziandikia hospitali nyingi za misheni barani kuzihoji juu ya jambo hilo. Wawili hao walitaja vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama maharage na nafaka zisizokobolewa, kuwa kinga.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili atofautishe kauli mbili: "ugonjwa haupo" na "ugonjwa haujaonekana". Huenda ulikuwa adimu kweli. Lakini pasipo kipimo cha kamera cha kuangalia ndani ya utumbo, hata uliopo hauonekani. Kwetu, kati ya Ziwa Kivu na bonde la Bugarama, mtu anayeharisha damu hudhaniwa ana amiba, na mara nyingi dhana hiyo ni sahihi. Tatizo huanza dawa zisipofaa: wapo wanaosema amelishwa sumu, na jirani asiye na hatia akashukiwa. Mgonjwa hupoteza miezi, na ujirani hupotea pia.

Umoja wa kuchangiana si mgeni kwetu. Bima ya afya ya jamii, mutuweli, ilijaribiwa mwaka 1999 Byumba, Kabgayi na Kabutare, kisha ikawekewa sheria mwaka 2007. Kwa mchango huo, mgonjwa huanzia kituo cha afya, hupelekwa Gihundwe au Mibilizi, na ikibidi huvuka msitu wa Nyungwe kwenda hospitali ya rufaa Huye au Kigali. Lakini safari hiyo haianzi mpaka mgonjwa aseme.

Familia zile za New York hazikuwa na dawa. Zilichokuwa nacho ni kukubali kusema hadharani. Basi, anayeharisha kwa majuma kadhaa, au kuona damu, aende kituo cha afya mapema. Nasi tunaomsikiliza tusicheke.

Maswali
1. Eleza kazi mbili za shirika lililoanzishwa mwaka 1967.
2. Tofautisha "haupo" na "haujaonekana" kwa mfano wako mwenyewe.