Nani Anasoma Mizani?

Babu yangu hakukanyaga darasa hata siku moja, lakini tarakimu alizijua. Alijifunzia gulioni, mbele ya mizani ya pamba. Hadi anafariki alikuwa na kopo la bati lililojaa stakabadhi za mauzo ya misimu mingi. Ungemwonyesha yoyote, angekueleza ilikuwa ratili ngapi, na ngapi zilihesabiwa safi na ngapi fifi. Nikiwa mtoto nilidhani ni mazoea ya uzee tu. Nimefanya kazi ya uhasibu miaka mingi ndipo nikaelewa kwamba lile kopo lilikuwa kipande cha historia ya kwetu, na kwa kiasi fulani historia ya nchi nzima.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kilimo cha pamba Usukuma kilipanuka sana. Serikali ya Mwingereza ilikitaka kipanuke, na mpango wake wa kuendeleza Usukuma ulioanza mwaka 1947 ulikuja na masharti: matuta ya lazima, kupunguza mifugo, na faini kwa asiyetii. Mkulima alilima kwa amri, lakini siku ya kuuza alisimama peke yake. Kununua na kuchambua pamba kulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye leseni, wengi wao wenye asili ya Asia. Bei ilipangwa na serikali. Kwa hiyo mnunuzi aliyetaka kumpunja mkulima hakuwa na haja ya kugusa bei, aligusa mizani. Si wote waliofanya hivyo, lakini waliofanya walitosha kuwafanya wakulima warudi nyumbani wakinung'unika.

Walichofanya wazee wetu baada ya manung'uniko ndicho ninachotaka tukikumbuke. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliweka wapimaji wao wenyewe. Mkulima alipima mzigo wake kwanza kwa mpimaji huyo, akalipa ada ndogo, kisha akaenda kwa mnunuzi akiwa tayari anaujua uzito. Kama ratili zilipungua kati ya mizani moja na nyingine, ilibidi mtu aeleze zimekwenda wapi. Sisi wahasibu tunasomea jambo hilo vyuoni miaka mitatu au minne na kuliita ukaguzi. Wao walilianzisha chini ya mti.

Kukusanyika kwa kazi hakukuwa kugeni kwao. Elika za vijana zilikuwapo, na vikundi vya kulima vilikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale. Kilichokuwa kipya ni kuupeleka umoja wa shambani hadi sokoni.

Hapo ndipo anapoingia Paul Bomani. Alizaliwa upande wa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mhubiri, na akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Mwaka 1952 aliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na vyama vya msingi vya kuuza pamba vikaanza kuandikishwa kijiji baada ya kijiji. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana na kuwa shirikisho la Victoria, ambalo wazee wengi wanalikumbuka kwa herufi zake, VFCU. Hadi nchi inapata uhuru, lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vilivyomilikiwa na Waafrika katika bara hili, likiwa na vinu vyake lenyewe vya kuchambulia pamba. Watu waliokuwa wakipunjwa kwenye mizani sasa walikuwa na mizani yao, maghala yao na marobota yao.

Mtu aliyekwisha kuchagua katibu wa chama cha pamba hashindwi kujiuliza kwa nini hachagui anayemtawala. Serikali ililiona hilo. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1958 TANU haikuruhusiwa kufungua matawi katika Jimbo la Ziwa, lakini mikutano ya ushirika iliendelea, na ndani yake watu walizoea kuhoji, kupiga kura na kuchanga. Mwaka 1958 watu wa Geita, wakilikataa baraza jipya la mseto wa rangi walilowekewa, walikuja Mwanza kwa wingi wao kumwona mkuu wa jimbo. Wakapiga kambi kwa siku kadhaa hadi walipotawanywa kwa mabomu ya machozi. Sisi tunaovuka Kigongo na Busisi kwa gari juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2025 tujaribu kufikiri safari ile ilikuwaje. Na Bomani aliyeanza na hesabu za ushirika wa Mwanza, mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Mizani ya gulioni ilikuwa imefika hazina ya taifa.

Ningeishia hapa, historia hii ingekuwa tamu tu. Lakini shirikisho lilipokua, mizani ilihama. Ilitoka gulioni, mahali ambapo kila mtu aliona mshale ukisimama, ikaingia kwenye vitabu vya ofisini ambavyo wachache waliweza kuvisoma. Tume iliyoundwa mwaka 1966 kuchunguza vyama vya ushirika nchini ilikuta wanachama wengi hawauelewi ushirika wao wala hawausimamii, watumishi wenye ujuzi ni haba, na siasa imeingizwa kupita kiasi. Shirikisho likawekwa chini ya usimamizi wa serikali, na baadaye mahali pake pakachukuliwa na Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikavunjwa, na pamba ikabaki kwa mamlaka ya serikali. Sheria ya 1982 iliruhusu virudi, na miaka miwili baadaye vikaanza tena. Soko huria la mwaka 1994 liliwakuta vikiwa dhaifu.

Mbili kati ya stakabadhi za babu ni za miaka ile ya mwisho. Aliuza pamba kwa mkopo, akaambiwa arudi, akarudi, akaambiwa tena arudi. Hakulipwa mpaka alipofariki. Sitamtaja aliyemuuzia, kwa sababu kila nyumba inayosoma kijitabu hiki ina stakabadhi ya namna hiyo na kila moja ina jina lake.

Nimeeleza yote haya kwa sababu naamini yametufanya tuwe tulivyo. Tumerithi mambo mawili kwa pamoja: moyo wa kuchanga na shaka ya kuliwa. Katika mikutano yetu nimeyaona yote mawili. Wakati wa harambee ukumbi unajaa shangwe na ahadi. Ikifika ajenda ya mapato na matumizi, nusu ya watu wako nje wanasubiri chakula. Na mitaani nakutana na ndugu zetu wasiochanga kabisa, wanaosema, "Tulishaliwa, hatuliwi tena." Siwalaumu. Uchungu wao una stakabadhi.

Ila babu naye alikuwa na shaka, tena kubwa, na hakuifanya sababu ya kukaa nyumbani. Ilimfanya ajifunze tarakimu na kusimama mahali ambapo mshale ulionekana. Shaka isiyosoma hesabu humwachia mwizi nafasi sawasawa na imani isiyosoma hesabu. Wapimaji wale wa zamani hawakungoja wapate mnunuzi malaika. Walipima, wakalinganisha, wakauliza.

Ndugu zangu, madarasa na zahanati tunazozungumzia katika kijitabu hiki hazitajengwa na anayechanga akafumba macho, wala na anayefumbua macho asichange. Katika kurasa za nyuma kuna hesabu za chama za mwaka uliopita, pamoja na ripoti ya mkaguzi. Naomba uzisome kabla ya kujaza fomu ya ahadi. Weka kidole kwenye kila mstari. Usipouelewa, njoo mkutanoni uulize, na usitoke kwenda kula kabla hujajibiwa. Anayeshika kitabu asikuone mgomvi. Kama ni mtu wa kwetu, anajua tulikotoka.