Posho, mizigo na majina: Nyaraka za jeshi zinavyosimulia habari za wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza

Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zinajulikana na karibu kila mtu aliyewahi kwenda sokoni katika miji hiyo. Majina yote mawili yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wanaokaribia milioni 1, kutoka Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi, Zambia na kwingineko. Wengi hawakurudi nyumbani.

Katika makala haya tunaeleza nyaraka ambazo jeshi liliziandika kuhusu watu hao, zinasema nini, na kwa nini hadi leo zina maana kwa familia zetu.

Nyaraka hizo ni zipi?

Jeshi haliendi vitani na bunduki tu. Linaandika. Karatasi zake tunaweza kuzigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mipango: amri za kusema kikosi gani kiende wapi, lini na kwa njia ipi. La pili ni ugavi: unga kiasi gani, risasi ngapi, dawa gani, na nani atabeba. La tatu ni utawala wa watu: orodha za majina, malipo, wagonjwa na waliokufa.

Zaidi ya hayo kulikuwa na shajara ya vita, ambayo kila kikosi kilitakiwa kuijaza siku kwa siku. Shajara nyingi za Waingereza kuhusu vita vya Afrika Mashariki zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, eneo la Kew, London.

Wasomaji wengi hukimbilia fungu la kwanza, lenye majemadari na mapigano. Mpagazi hupatikana zaidi katika fungu la pili na la tatu.

Kwa nini walihitajika wapagazi wengi hivyo?

Reli zilikuwa chache: ile ya Mombasa kwenda Ziwa Victoria, ya Tanga hadi Moshi, na ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Ukiacha reli, barabara za kupitisha magari zilikuwa haba, na mvua ikinyesha magari yalizama kwenye tope. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya binadamu.

Hesabu iliyoua watu

Hapa ndipo karatasi za ugavi zinapofumbua macho. Tuchukue mfano rahisi. Mpagazi amebeba kilo 25 za unga, na yeye mwenyewe anahitaji kilo 1 kwa siku. Askari wako mbali, mwendo wa siku 10. Kwenda atakula kilo 10, na kurudi kilo 10. Kinachowafikia askari ni kilo 5 tu. Safari ikiwa ya siku 12 na nusu, hakifiki chochote.

Kwa hiyo kila jeshi liliposonga mbele, wapagazi waliongezwa, na wapagazi hao nao walitaka kula. Aliyepanga safari alikuwa na njia mbili: kusimamisha jeshi, au kupunguza posho. Mara nyingi iliyopungua ni posho, na ya mpagazi ndiyo iliyoumia zaidi. Mwanzoni mwa 1917, mvua kubwa zilipofurika bonde la Rufiji, askari na wapagazi walikaa na njaa kwa sababu chakula hakikupita.

Hata chakula kilipokuwepo, hakikuwafaa wote. Watu kutoka Uganda waliozoea matoke walipewa unga wa mahindi, mara nyingine bila muda wala sufuria ya kuupika ukaiva. Matokeo yake yalikuwa kuhara na kuhara damu. Ukiongeza malaria na homa ya mapafu, ndiyo maana magonjwa yaliua wapagazi wengi kuliko risasi.

Takwimu rasmi za wakati ule zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Makadirio ya wanahistoria hufika 100,000 au zaidi.

Waliandikwa vipi?

Kikosi cha wapagazi kiliongozwa na Oscar Watkins, ofisa wa utawala aliyejua Kiswahili. Mwanzoni waliojiunga kwa hiari walikuwepo. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwalazimisha watu, na mwaka 1917 John Ainsworth akapewa kazi ya kukusanya watu kwa wingi kupitia maofisa wa wilaya na machifu. Vijiji vingine vilibaki na wazee, wanawake na watoto.

Mpagazi aliandikishwa jina na kwao, akapewa namba. Lakini karani aliandika jina kama alivyolisikia. Jina la Kikamba au Kijaluo likipita kwenye sikio la karani mgeni lilitoka na herufi nyingine kabisa. Hilo lilileta tabu kubwa baadaye.

Mishahara isiyofika

Vita vilipokwisha Novemba 1918, fedha za wapagazi wengi waliokufa au kupotea zilikuwa hazijachukuliwa. Familia hazikupatikana, au hazikuambiwa. Watkins alidai kwa miaka fedha hizo zirudi kwa watu waliotoa wapagazi, ikibidi kwa kusaidia jamii zao. Serikali ya London ilikataa. Tunajua habari hii kwa sababu barua za mabishano hayo zilihifadhiwa.

Na upande wa Wajerumani?

Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck nalo lilitumia maelfu ya wapagazi, wengi kwa kulazimishwa, lakini kumbukumbu zao ni chache zaidi. Jeshi hilo lilikuwa mbioni, na hifadhi kuu ya jeshi huko Potsdam, Ujerumani, iliteketezwa kwa mabomu Aprili 1945. Mafaili ya utawala wa Kijerumani yaliyosalia nchini yapo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Majina yanaanza kurudi

Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, walikufa katika Vita vya Kwanza bila majina yao kuwekwa kwenye kumbukumbu, au bila kukumbukwa kabisa. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakipekua upya karatasi za zamani. Miongoni mwa zilizosaidia ni nyaraka za enzi ya ukoloni zilizokuwa mikononi mwa jeshi la Kenya. Ndani yake yamepatikana maelfu ya majina.

Ukitaka kumtafuta babu yako

Kabla ya kwenda kwenye hifadhi yoyote, kusanya haya nyumbani:

- Jina lake na la baba yake, pamoja na namna zote jina hilo linavyoweza kuandikwa.
- Wilaya, kijiji na chifu wa wakati ule.
- Mwaka alioondoka, hata kwa kukadiria kwa njaa, mvua au tukio linalokumbukwa.
- Kitu chochote alichoacha: nishani, barua au kipande cha chuma chenye namba.

Kisha uliza katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Nairobi, au Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kulingana na kwenu. Tume ya Makaburi ya Vita nayo ina orodha ya majina inayotafutwa bure kwenye intaneti, hata kwa simu. Usipolipata jina mara moja usikate tamaa, jaribu herufi nyingine.

Anza na wazee wa nyumbani. Karatasi inaweza kuwa na namba na tarehe, lakini ni wao wanaojua jina lilivyotamkwa. Waulize sasa, na uandike.