Mnazi Mmoja: uwanja uliozaliwa na hofu ya maradhi

Kila ifikapo Septemba 23, Zanzibar huadhimisha Elimu Bila Malipo, tangazo la Mzee Abeid Amani Karume la mwaka 1964. Skuli zilizokuwa zikibagua watoto kwa asili zao zikawa za wote. Lakini nafasi ya nje ya darasa, yenye upepo na kivuli, haikuwahi kugawiwa kwa haki.

Pengo hilo lilionekana wazi mwaka 2020. Uviko-19 iliingia Unguja mwezi Machi, skuli zikafungwa, masomo yakahamia redioni na kwenye televisheni. Barazani niliyasikia mabishano ya namna moja tu: zifungwe au zifunguliwe. Kusomesha nje hakukutajwa, ilhali mji wa Zanzibar una uwanja mkubwa, Mnazi Mmoja, uliobaki wazi kwa sababu ya maradhi.

Unguja ilishateswa na kipindupindu cha 1869 na 1870, alichokiandikia kitabu Daktari James Christie, kisha tauni. Mwaka 1913 Waingereza wakamleta Profesa William Simpson, bingwa wa usafi wa miji. Ripoti yake juu ya Kenya, Uganda na Zanzibar ilitaka Wazungu wakae mbali na Waafrika na Wahindi, katikati uachwe ukanda usiojengwa, kana kwamba maradhi huchagua rangi. Miaka kumi baadaye mpangamiji H.V. Lanchester alichapisha mpango wake wa mji. Mwanazuoni William Cunningham Bissell, ambaye kitabu chake cha 2011 ndicho ninachokitegemea hapa, anasisitiza kwamba wakoloni walipanga mengi na kutekeleza machache. Mnazi Mmoja, baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, ni katika machache yaliyodumu. Wazungu walicheza gofu na tenisi hapo, na vijana wa Ng'ambo waliupigania mpaka mpira wa miguu ukawa na nafasi yake. Nyumba zilisongamana pande zote mbili, watoto wakikosa hata ua wa kukimbilia, na katikati nyasi zikatunzwa kwa ajili ya wachache. Dhuluma hiyo haifai kusahauliwa.

Huko mashamba mambo ni mengine. Skuli nyingi zina mwembe, na mwalimu hutoa darasa nje joto likizidi. Mwaka 2006 Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Marekani, ilianzisha vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo waliokuwa mbali na skuli: nusu saa ya nyimbo, hesabu na michezo, mlezi wa kijijini akiongoza. Kusoma bila jengo tulishakujua. Lakini kijiji kina kivuli na hakina choo cha kutosha; mji una bomba na hauna kivuli.

Baada ya Uviko, fedha za mkopo wa IMF zilijenga madarasa, na leo skuli za ghorofa zinaota kila upande. Nazifurahia, kwa sababu mikondo miwili imewachosha watoto na walimu. Hata hivyo, ghorofa lisilo na uwanja linamfungia mtoto ndani. Skuli za Vuga ziko hatua chache kutoka Mnazi Mmoja na Bustani ya Jamhuri. Wizara na Baraza la Manispaa waandike sasa ratiba ya kusomesha kwenye viwanja hivyo, skuli kwa skuli, na wapande miti ya kivuli kabla maradhi mengine hayajabisha hodi.