Corona na utalii Tanzania: ndege zilileta kirusi, kirusi kikafunga anga

Msafiri anaweza kubeba ugonjwa bila kujua. Ugonjwa ukishasambaa, nao humfungia msafiri njia. Mwaka 2020 Tanzania ilionja yote mawili.

Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini alitangazwa Machi 16 jijini Arusha, lango la Serengeti na Ngorongoro. Alikuwa Mtanzania aliyetua na ndege siku moja tu kabla, akitokea Ubelgiji. Haikuisha mwezi, safari za ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa.

Watalii walioingia nchini:
• 2019: 1,527,230
• 2020: 620,867
• 2021: 922,692
• 2022: 1,454,920

Nani aliumia?
Si wenye hoteli peke yao. Wapagazi wa Kilimanjaro, madereva wa safari, wauza vinyago, hadi mkulima anayepeleka mchicha hotelini, wote walikosa mteja. Hifadhi nazo hutegemea viingilio vya wageni, kwa hiyo mapato yakikauka, hata doria dhidi ya majangili huyumba.

Kufungua pekee hakutoshi
Tanzania ilifungua anga Mei 18, 2020, mapema kuliko Kenya, iliyosubiri hadi Agosti 1. Wageni wakaanza kurudi, wakiwemo Warusi waliofuata fukwe za Zanzibar. Lakini Aprili 2021 Urusi ikasitisha safari za ndege kwenda Tanzania kwa hofu ya maambukizi.

Yaani mlango wa utalii una funguo mbili, na moja anayo nchi anakotoka mgeni.