Chimbuko la Bluetooth

Hadi katikati ya miaka ya 1990, simu ya mkononi iliunganishwa na vifaa vingine kwa waya, au kwa miale ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, ambao ulihitaji vifaa vielekezane, visiachane kwa zaidi ya mita moja hivi, na pasiwe na kizuizi katikati. Mwaka 1994 kampuni ya Ericsson, katika mji wa Lund kusini mwa Uswidi, ilianza kutafuta mawasiliano ya redio ya bei nafuu na yasiyomaliza betri, na kazi hiyo ikaangukia mikononi mwa mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen, ambaye baadaye alishirikiana na Sven Mattisson.

Masafa yaliyochaguliwa, ya gigahezi 2.4, hayahitaji leseni katika nchi nyingi, na kwa sababu hiyo hiyo yamesongamana, kiasi kwamba hata jiko la maikrowevu huyavuruga. Wahandisi walilikabili tatizo hilo kwa mbinu ya kurukaruka, ambapo vifaa vilivyounganishwa huhama pamoja mara 1,600 kwa sekunde kati ya njia 79, vikifuata mpangilio wa kifaa kiongozi, ambacho huweza kuhudumia vingine saba kwa wakati mmoja.

Ustadi huo, hata hivyo, usingefika mbali kama kila kampuni ingejitengenezea redio yake. Hatua iliyoamua mambo ilichukuliwa Mei 1998, pale Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba, baadhi yao zikiwa washindani wakubwa sokoni, zilipotangaza umoja ambao wanachama wake waliruhusiwa kutumia bila malipo hataza za lazima, yaani haki za kisheria za uvumbuzi. Jina la Bluetooth, alilolipendekeza Jim Kardach wa Intel kwa kumkumbuka Harald Blåtand (kwa Kiingereza, Bluetooth), mfalme wa Denmark wa karne ya 10, lilikusudiwa kuwa la muda tu, lakini yaliyopangwa kulirithi hayakufaa.

Toleo la kwanza, la mwaka 1999, lilikuwa na kasoro nyingi, kwani vifaa vya watengenezaji tofauti mara nyingi havikuelewana. Kuoanisha vifaa, yaani kuvitambulisha ili viaminiane, kulitegemea namba ya siri, ambayo kwa vifaa vingi ilikuwa 0000 au 1234, ulinzi wa jina tu, hadi utaratibu ulio salama zaidi ulipoletwa mwaka 2007.

Afrika Mashariki, ambako kifurushi cha intaneti kilikuwa ghali, vijana waliigeuza Bluetooth kuwa njia ya kurushiana nyimbo, picha na milio ya simu bila gharama yoyote, matumizi yaliyoipita mbali haja ya kuondoa waya wa vipokea sauti. Programu za ujumbe za simu janja zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, ilhali toleo la 4.0 la mwaka 2010, linalotumia umeme kidogo mno, limeiingiza Bluetooth katika saa na vipima mapigo ya moyo.